Mama Sare na Mikweche ya Mtaani

Daktari alimwambia Mama Sare atembee saa nzima kila siku, la sivyo magoti yake yangeshika kutu kama bawaba za lango. Miaka thelathini na moja alikuwa ameketi mbele ya cherehani akishona sketi na kaptula za wanafunzi, ndiyo maana hata wasiomjua walimwita Mama Sare. Kutembea alikujua: kwenda kununua uzi, na kurudi. Lakini kuzunguka mitaa bila safari, mtu mzima, kama aliyepotelewa na mbuzi? Hilo lilimtia haya.

Siku ya tatu akapata dawa ya haya zake. Nyuma ya karakana ya seremala aliona gari dogo lenye mlango mmoja wa kijani, mmoja wa njano, na buti lililofungwa kwa kamba ya katani. Akatoa simu, akalipiga picha. Kesho yake akapiga picha lango kubwa la chuma, lenye kufuli, lililosimama peke yake bila ukuta kulia wala kushoto. Kesho kutwa yake akakuta nyumba ya fundi saa ina mlango huko juu ghorofani, usio na ngazi wala kibaraza. Atakayeufungua kwa haraka asubuhi atatangulia chini, viatu vifuate.

Hapo ndipo ugonjwa ulipoanza. Sasa ilikuwa saa tisa haijagonga yuko njiani, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni, daftari la vipimo kwapani. Kila picha aliiandikia: ni kitu gani, kiko wapi, rangi yake. Mkono uliozoea kuandika viuno vya watoto haukuweza kukaa bure.

Mumewe alikuwa mkutubi mstaafu, mtu aliyezoea kunong'ona hata anapotania.

"Mke wangu, daktari kasema utembee. Wewe unakwenda kuwatazama wasiotembea."

"Angalau wao hawaniulizi chai iko wapi," alijibu Mama Sare, akafunga viatu.

Katika mikweche yote, uliomkaa moyoni ulikuwa wa Mwalimu Gia. Mzee huyo alifundisha nusu ya mji kuendesha gari. Nusu iliyobaki ilijifunza kuruka mitaro. Gari lake lilikuwa limekaa juu ya mawe kando ya njia, miaka haina hesabu. Mmea ulikuwa umeingia kwa dirisha la mbele na kutokea la nyuma, na kuku watatu walitaga kwenye kiti cha abiria bila wasiwasi wowote. Mama Sare alilirudia mara nne. Alichuchumaa, akainama, akalizunguka, akaandika.

Kisha mambo yakaanza kumwendea kombo. Alirudi kwa seremala, akakuta gari la rangi mbili limepakwa buluu mwili mzima, hata vioo vimepata sehemu yao. Lile lango lisilo na ukuta halikuwepo. Mlango wa fundi saa ulikuwa umezibwa kwa matofali, saruji bado mbichi. Mama Sare aliudhika kama mtu aliyeibiwa. Watu gani hawa wasiojua thamani ya vitu vyao!

Jibu lililetwa na mteja. Mama mmoja kijana alikuja kuchukua sketi ya bintiye, akatazama nyuma, akashusha sauti.

"Shangazi, wewe uliye karibu na wakubwa, tuambie tu ukweli. Hilo greda linakuja lini?"

"Greda gani, mwanangu?"

"La manispaa. La kuzoa mikweche. Si wewe ndiye unayepima na kuandikisha?"

Mama Sare alitazama futi shingoni mwake. Akatazama daftari. Akaketi.

Wiki tatu alikuwa amepita mbele ya nyumba za watu, akichungulia na kuandika, na hakuna hata mlango mmoja alioupigia hodi. Kama angekuwa ni yeye anayepigwa picha hivyo, angekwisha kummwagia mpiga picha maji ya kufulia, kwa bahati mbaya.

Akaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Gia. Miguu ya mzee ilikuwa imechomoza chini ya gari.

"Karibu, mkaguzi," sauti ilitoka huko chini. "Kuku nimeshawahamisha."

"Mwalimu, mimi si mkaguzi. Mimi ni fundi cherehani."

Spana ikaanguka.

"Na daftari?"

"La vipimo vya kaptula."

Mwalimu Gia alijivuta nje taratibu, uso mweusi kwa grisi. "Siku nne niko chini ya gari hili. Kiuno hakinyooki. Makanika nimemwita mara mbili, betri nimeazima. Kumbe wewe ulitaka picha tu?"

"Lilinipendeza vile lilivyokuwa. Nisamehe, Mwalimu. Ningeanza kwa salamu."

"Lilikupendeza!" alisema mzee, kana kwamba ametukanwa. Lakini alifuta mikono, akaipokea simu. Aliangalia picha ya kwanza, ya pili, akaisogeza ya tatu karibu na pua.

"Na huyu aliyelala kibarazani, mdomo wazi, ni nani?"

"Ni wewe."

"Ifute."

"Mwalimu, hiyo ndiyo nzuri kuliko zote."

"Basi nipige nyingine mdomo ukiwa umefungwa." Akaingia ndani, akatoka na tai.

Majirani waliokuwa wakichungulia walisogea, na Mama Sare akalazimika kujieleza mbele ya kadamnasi. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Fundi saa peke yake hakucheka; yeye alikuwa akiuwaza mlango wake. Mwenye lile lango lisilo na ukuta akauliza, "Sasa mimi je?"

"Lisimamishe tena," alisema Mama Sare. "Nitakuja kulipiga picha, nawe ukiwa mbele."

Likasimamishwa Jumamosi, limepakwa rangi mpya. Tangu hapo Mama Sare alianza kwa salamu, na saa moja ya daktari ikawa saa tatu, maana kila mkweche una mwenyewe na kila mwenyewe ana maneno.

Mwalimu Gia naye, kwa kuwa kiuno kilikuwa kimeshauma, aliona heri amalizie kazi. Mwezi uliofuata gari liliwaka, likakohoa, likatoka mtaani kwa mwendo wa bata. Abiria wa kwanza aliyealikwa alikuwa Mama Sare, na mumewe akapanda nyuma, akishikilia kila kinachoshikika.

Walipopita kona ya kinu cha unga, Mama Sare aliona basi zima lisilo na magurudumu, limegeuzwa kibanda cha kinyozi, wateja wamepanga foleni kwenye ngazi.

"Simama! Mwalimu, simama!"

"Breki ni za wiki ijayo," alisema Mwalimu Gia kwa utulivu, macho mbele. "Makanika kaahidi."

Nyuma, mkutubi alipaza sauti kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ya ukutubi. Gari likajipunguzia mwendo lenyewe kwenye kilima, likasita, likazimika. Mama Sare akafungua mlango, akashuka, akarudi nyuma hatua mia mbili kwenda kumsalimia kinyozi.