Chai ya Kukisia

Katika hoteli yetu mteja hakuulizwa anakunywa chai gani. Mlango wa mabati ulikuwa mfupi na wanaume wengi wa Isiolo ni warefu, kwa hiyo mtu aliingia ameinama, na kabla hajanyooka mama alikuwa ameshamkisia. Mborana alipata maziwa yaliyoonyeshwa majani kwa mbali tu. Msomali alipata iliki na tangawizi. Mmeru mwenzetu, aliyeteremka na magunia ya viazi, alipata majani makali ya kumfungua macho. Mturkana alipata sukari, vijiko vya kurundika, na mama akaikoroga mpaka kikombe kikalia.

Na alipatia! Hapo ndipo ulipokuwa utamu wote. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini, mimi nimemaliza shule na kazi yangu ni kukanda mandazi na kushindana na mama. Malori ya kwenda Moyale yalisimama nje yakingoja kizuizi kifunguliwe, watu wakashuka na vumbi lao, na sisi wawili tukawachungulia kupitia tundu la ukuta wa jikoni. "Yule?" ananiuliza. "Wa Marsabit." "Chai?" "Maziwa." "Wewe! Angalia kikoi yake, huyo ni wa iliki." Na kweli, mzee anaonja, anafumba macho, anashukuru Mungu. Nilikuwa nikiruka kwa furaha hata nikishindwa.

Sioni aibu kuusimulia mchezo ule. Watu waliokulia mahali pamoja hunywa kwa namna inayofanana, na aliyelelewa kwa ngamia huwezi kumshangaa akitaka maziwa. Isitoshe, mara chache mama alipokosea na kikombe kikarudishwa, hakununa. Alicheka, akamwaga, akapika kingine.

Tena hakuwa mtu wa kuonea. Kulikuwa na mzee mmoja Msomali, mfanyabiashara wa mifugo aliyekaa mtaa wa Wabera, mteja wetu wa kila siku. Asubuhi moja dereva mgeni kutoka kusini aliketi karibu naye, akamtazama, kisha akauvuta mfuko wake na kuukumbatia mapajani. Mama aliona. Alimwendea na birika mkononi.

"Wewe kijana, weka hiyo mfuko chini."

"Mama, hawa watu huwajui. Ni shifta hawa, majambazi."

"Huyu mzee ako na ngamia kushinda nywele yako. Atafanya nini na sweta yako chafu? Weka chini ama ukunywe chai yako huko nje kwa jua."

Dereva aliuweka mfuko chini. Mzee wa Wabera aliendelea kunywa kana kwamba hakusikia, ila alipoondoka alimwambia mama salaam aleikum mara mbili. Siku ile nilijivunia mama yangu hadi nikaunguza mandazi.

Basi ndiyo maana yaliyofuata yalinichoma.

Alikuja kijana Mturkana, mchanja ng'ombe, aliyezunguka na sanduku la dawa hadi Oldonyiro na kurudi. Mama alimwona mlangoni, akarundika sukari, akakoroga. Kijana alikunywa yote, akashukuru, akarudi kesho yake. Akarudi tena. Msimu mzima wa kiangazi alikuwa akirudi, na mimi mandazi yangu yakaanza kuwa madogo na manene kwa sababu macho yalikuwa kwingine. Tulianza kutembea pamoja tukitoka kanisani Jumapili. Siku moja akaniambia, kwa upole kama anayeomba radhi, kwamba hanywi sukari.

Nilisimama katikati ya njia. "Hunywi sukari?"

"Hata kidogo. Chai ya rangi, kavu, ndiyo napenda. Kule kwa mifugo nilizoea hivyo."

"Na hiyo yote umekunywa kwetu? Kwa nini hukusema?"

"Sikuulizwa," akasema. "Halafu mimi sikuwa nakuja kwa sababu ya chai."

Jamani! Nilirudi nyumbani nikiwa sioni barabara. Mtu ameumeza ule uji wa sukari msimu mzima kwa ajili yangu! Nikajua nitaolewa na huyu au sitaolewa.

Lakini alipotuma habari kwamba mama yake anataka kuja kubisha hodi, mama yangu alikataa kabla sijamaliza sentensi. Mturkana hana mlango, alisema, nyumba yake inabebwa na punda. Atakuachia watoto afuate mbuzi. Wale ndio walioiba ng'ombe wa babu yako. Na kuna mambo mengine ya wanaume wao, akaongeza, ambayo hawezi kuyataja mbele ya unga. Ng'ombe wa babu waliibwa kabla mimi sijazaliwa na hakuna aliyewaona wezi, lakini kabila lao mama alilijua.

"Samaki mmoja akioza, wote wameoza," akamaliza, akaendelea kupuliza moto.

"Samaki?" nikasema. "Mama, wewe ulikula samaki lini?"

Hapo hasira ikanipanda. Ilikuwa asubuhi, hoteli imejaa, na mimi nilipiga ngumi mezani sinia la mandazi likaruka. Nilipaza sauti ya kusikika hadi msikitini kwamba mtu hahukumiwi kwa kabila lake. Vikombe vikabaki hewani. Mzee wa Wabera alitikisa kichwa na kusema, "Wallahi, Mmeru ni Mmeru tu."

Hoteli ikapasuka kwa kicheko. Mimi pia nikacheka, machozi yananitoka, maana nilikuwa nimesimama pale nikipigania watu wasihukumiwe kwa kabila, huku nimekunja ngumi kama vile Wameru tunavyosemwa. Ni kweli tuna hasira, wengi wetu. Lakini mzee yule alilisema neno lile huku akiinama kuniokotea mandazi, wala hakuhama kiti.

Kicheko kilinipa nafasi ya kupumua, nikasema kwa sauti ya kawaida. "Mama, yule hanywi sukari."

"Nani?"

"Mchanja ng'ombe. Hajawahi kunywa sukari. Msimu mzima umekuwa ukimkosea."

Mama akaweka birika chini. Naapa, habari ya ndoa haikumshtua kama ile. "Haiwezekani. Alikuwa anamaliza."

"Alikuwa anakuheshimu."

"Mbona hakusema?"

"Hukumuuliza. Chai ukikosea, unamwaga unapika ingine. Huyu mtu ulimkosea mlangoni, na hata kumwaga hutaki. Wewe na yule dereva wa mfuko mko tofauti wapi?"

Alimtazama mzee wa Wabera, mzee akatazama ndani ya kikombe chake. Mama aliingia jikoni akapasua kuni ambazo hazikuhitaji kupasuliwa. Jioni, tukiosha vikombe, alisema neno moja tu, tena akiwa amenipa mgongo: "Waje."

Kwa hiyo walikuja. Usiku wa kuamkia siku hiyo sikulala kitandani. Nadhani nililala nimesimama! Mama alifagia uwanja hadi udongo ukang'aa, akafunga kitambaa kipya kichwani, akakifungua, akafunga cha zamani. Mchana kutwa aliuliza kama wamefika. Mzee wa Wabera alikuwa amekaa pembeni toka asubuhi, akisingizia kwamba anasubiri bei ya mbuzi ipande.

Mama mkwe wangu mtarajiwa aliinama mlangoni kama wote, shanga shingoni hadi kidevuni, mwanawe nyuma yake. Alisalimia, akaketi kwenye benchi, na macho yake yakaanza kuzunguka: ukutani, chini ya meza, nyuma ya mlango wa jikoni. Nilidhani anatafuta uchafu.

Mama alitoka na birika na bakuli la sukari. Nilimwona akimpima yule mgeni kwa lile jicho lake, kutoka shanga hadi viatu vya tairi, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kijiko. Ukasimama. Mimi, kijana na mzee wa Wabera tulikuwa tukiutazama mkono huo mmoja.

"Mama," mama yangu akasema, na sauti yake ilikuwa ngeni kwangu, "wewe unakunywa chai namna gani?"

Sikuwahi kumsikia akimuuliza mtu hivyo tangu nizaliwe.

Mgeni alimtazama kwa mshangao. "Sukari," akasema. "Weka mingi, mpaka kijiko isimame. Kwani hujui sisi Waturkana?"

Mzee wa Wabera alipaliwa na chai yake. Kijana alijifunika uso. Mama akacheka mpaka akajishikilia meza, mgeni naye akacheka bila kujua anacheka nini, na alipopata pumzi akasema, "Sasa na mimi niulize. Panga iko wapi?"

"Panga gani?"

"Niliambiwa kila mama Mmeru iko na panga karibu. Tangu niingie natafuta."

"Leo nimeficha," mama akasema, akifuta macho. "Kuna wageni."

Yaliyobaki yalikwenda kama maji ya mteremko. Walizungumza habari za mvua, za mbuzi, na mwishoni kabisa, habari zetu sisi wawili, kana kwamba ni jambo dogo lililosahauliwa njiani. Mama alimmiminia kijana chai ya rangi, kavu, akasimama juu yake kumtazama akinywa. Kijana alipiga funda la kwanza akashusha pumzi ndefu, mabega yakalegea. Mama aliona. Alikuwa amemwona akinywa msimu mzima, na uso ule hakuwa ameuona.

Baadaye nilimfuata jikoni. Alikuwa ameinama juu ya moto akiongeza maziwa kwa mzunguko wa pili, na mabega yake yalikuwa bado yanatikisika kwa kicheko.

"Yule mama nilimjua toka mlangoni," akaninong'oneza. "Nilijua ni sukari. Nilijua kabisa!"

"Sasa mbona uliuliza?"

Akanikabidhi birika.

"Nilijua," akasema, "lakini niliuliza. Peleka, chai isipoe."