Chekeche Halirudi Tupu

Pasaka ya mwaka jana, mbele ya wakwe zangu, mama aliitema keki yangu kiganjani na kusema, "Mwanangu, ina mchanga." Haukuwa mchanga. Ilikuwa sukari yetu ya huku bondeni, ile ya kahawia yenye punje kubwa. Zilikuwa hazijayeyuka, zikamchoma fizi, maana meno amebaki nayo mawili. Lakini nani angesikiliza maelezo yangu? Niliona aibu mpaka nikashindwa kula.

Mwaka huu niliapa kwamba mama ataimaliza keki yangu. Jumamosi, siku moja kabla ya sikukuu, nilitwanga sukari kwenye kinu mpaka mabega yakawaka moto. Ikabaki kuchekecha tu, na chekeche lilikuwa kwa jirani, aliyeliazima tangu Jumatatu kwa ajili ya unga wa mchele wa vitumbua. Nikamfuata. Akasema nitangulie, atalileta mwenyewe.

Nikakaa saa nzima. Alipofika, chekeche lilikuwa limejaa perege wakavu.

"Nisingeweza kulirudisha tupu, dada," alisema.

Samaki, kwenye chekeche, na sahani anazo kabati zima! Nikamshukuru. Ningefanyaje? Mimi mwenyewe utotoni mama alinichapa kwa kurudisha bakuli la watu bila hata nyanya moja ndani.

Nikaliosha kwa sabuni, kwa limau, kisha kwa majivu. Harufu ikaisha, lakini mvua ilikuwa haijakatika tangu asubuhi, na waya uligoma kukauka. Nilipojaribu kuchekecha hivyo hivyo, sukari iliganda kwenye matundu kama tope la mto Lumemo. Nikaosha upya. Nikalishikilia juu ya jiko la mkaa, mkono huu unapepea, mkono ule unaungua, huku nikimsema jirani kimoyomoyo maneno ya kwenda kuungama kwa padri. Hatimaye nikachekecha mara mbili, na punje zilizokataa kupita nikazitwanga tena.

Siku ya Pasaka mama alitia kipande kinywani, akakizungusha polepole akitafuta punje. Wakwe wote walikuwa wanamtazama.

"Haina mchanga," alisema, akameza.

Nikasubiri neno la pili, walau moja la pongezi. Mama akasukuma sahani kando, akageukia jikoni akinusa.

"Kumbe umepika na samaki?"

Alikula watatu. Miba yote aliitoa kwa ulimi, bila kulalamika.