Mama Aliyemwonyesha Wakili Wake

Juzi nilikuwa mahakamani, upande huu wa Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, nikisubiri kesi ya shamba la shemeji yangu. Kabla yetu aliitwa mama mmoja kutoka Kongo, mtoto mgongoni, aliyeshtakiwa kuingia Uganda bila kibali. Hakimu alimuuliza, kupitia mkalimani, kama ana wakili.

“Niko naye,” akajibu, akanyoosha kidole. “Ni ule pale.”

Alikuwa anamwonyesha mwendesha mashtaka!

Ukumbi ukaangua kicheko. Hakimu hakucheka. Aliweka kalamu chini, akamweleza taratibu kwamba bwana yule ndiye anayemshtaki.

Mama aliduwaa, mkono wake ungali umenyooka. “Lakini nilimuambia yote,” akasema. “Namna tulikimbia masasi ya bunduki, namna tulivuka muto na batoto.”

Kicheko kilikatika. Wakili wa shemeji yangu akasimama, akaomba kumtetea bure. Yeye na mama walinong’ona kidogo pembeni, kisha akaieleza mahakama kwamba mama huyu anatafuta hifadhi, na mkimbizi haadhibiwi kwa sababu tu ya njia aliyopitia. Mwendesha mashtaka, macho sakafuni, hakupinga. Mashtaka yakaondolewa.

Nje nilimuuliza, “Mama, kwa nini ulidhani yule ni wakili wako?”

Alimpandisha mtoto vizuri mgongoni.

“Tangu nivuke, ni yeye tu aliniuliza nini ilinifikia.”

Sisi wengine wote tulikuwa tumemuuliza kibali tu.