Mtamba wa Theodosia

Theodosia wa Mutaho hakupenda mtu, na hakuficha. Nimenunua mbuzi kwake miaka mingi. Hajanipa kiti hata siku moja kabla hatujakubaliana bei. Alizaliwa Buhinyuza, kule Muyinga, akaolewa Mutaho, na jirani yake Bonifasi alizidi kumwita mgeni hata baada ya mwanamke huyo kumzika mume wake palepale.

Ugomvi wao ulikuwa ng'ombe. Baba mkwe wake, marehemu Nazario, alimgawia baba yake Bonifasi ng'ombe jike. Aliyegawiwa hurudisha mtamba mmoja, yaani jike changa, wa uzao huo, ukoo wa aliyetoa ukiomba. Theodosia aliomba. Bonifasi akajibu kwamba ng'ombe wao wa kwanza alinunuliwa sokoni Giheta, anayebisha alete shahidi. Mashahidi walikwisha kufa. Mjane akabaki na udongo uliochoka, bila samadi, maharage yanatoka manjano.

Ndipo wakaja wasanii kutoka Gitega mjini na tamasha lao la kilimani: watu wakae majanini, waimbe mito, miti na mifugo, wairudie asili. Watu ambao hawajawahi kutoka kwenye asili waliambiwa warudi. Mimi nilikuwa nauza soda, na soda zilikwenda.

Raissa, kiongozi wao, aliuliza nani anajua kusifu ng'ombe kama zamani. Theodosia akamtaja Bonifasi, akasema hakuna anayemfikia. Niliposikia anamsifu, nikaacha soda, nikasogea.

Bonifasi akasimama na fimbo yake. Sifa ya ng'ombe haiishii kwa ng'ombe mwenyewe. Inapanda kwa mama, kwa bibi, hadi yule wa kwanza na zizi alikotoka. Ukiruka mmoja unazomewa. Naye makofi yalikuwa yamemlevya. Ulimi ukamtangulia, akalitaja jike la mwanzo, lenye doa jeupe shingoni, lililotoka zizini kwa Nazario.

Makofi yakakatika.

"Endelea, muzee," Theodosia akasema. "Umefika kwetu."

"We mwanamke wa Buhinyuza, hii ni wimbo tu."

"Wimbo ni yako, mdomo ni yako. Mi sikukufundisha."

Watu wakacheka, na si kicheko cha kumwonea huruma. Mkuu wa kilima, kiongozi wa kijiji chetu, aliyeketi mbele, akasema mtamba utoke kabla watu hawajatawanyika. Bonifasi akaenda, akaleta ndama dume. Theodosia akainama, akatazama chini ya tumbo, akamrudishia. Akaletewa mtamba, mwembamba, mbavu nje. Huyo akampokea.

Raissa alikuwa analia kwa furaha. Akawaomba wapeane mikono mbele ya wote, kilima kipone. Bonifasi akatema mate pembeni.

"Mkono yangu imeshika kamba," Theodosia akasema, akamvuta ng'ombe wake kuteremka nyumbani.