Tulivyoipanga Safari ya Lodwar

Alasiri moja nilikuwa nimeinamia cherehani dukani kwangu Ukunda, basi dogo jeupe likaja kusimama nje, likanizibia mwanga wote. Nilitoka na futi yangu ya kupimia shingoni, tayari kugombana na dereva. Kumbe dereva mwenyewe ni shoga yangu. Alikuwa ameketi nyuma ya usukani, ushungi umefungwa vizuri, akicheka kimyakimya.

"Hili si basi la hoteli?" nikamuuliza.

"Lilikuwa la hoteli. Sasa ni langu. Hebu ingia nikuonyeshe utakapolala."

Nilidhani anafanya mzaha. Lakini nilimjua mtu huyu tangu tulipokuwa wasichana, na si mtu wa kukupandisha garini bure. Zamani hizo tulikuwa wanawake wanne kwenye nyumba ya kupanga hapa hapa Ukunda, kila mmoja na chumba chake, bomba moja la maji na choo kimoja. Mimi nilikuwa najifunza kushona. Wa pili alikuwa muuguzi, mwenyeji wa Msambweni. Wa tatu alikuwa mwenzetu Mkristo kutoka Kinango, aliyekuwa akipika chakula cha wafanyakazi katika hoteli moja ya Diani, na baadaye akarudi kwao kufuga mbuzi. Wa nne ndiye huyu. Alianza kwa kutandika vitanda vya wageni, akaomba afundishwe kuendesha gari, wakamcheka, akajifunza, akawa dereva wa kuwapeleka wageni mbugani. Hakukuwa na mwanamke mwingine aliyefanya kazi hiyo pale hotelini.

Alinihadithia kwamba siku yake ya kwanza wageni walimkuta amesimama kando ya gari na buibui lake, wakamuuliza dereva yuko wapi. "Nikawaambia, yuaja. Kisha nikapanda, nikawasha gari."

Ameendesha hivyo miaka na miaka. Tsavo, Amboseli, Naivasha, Mara. Wageni walilala kwenye vyumba vinavyotazama wanyama, yeye akilala nyuma ya jikoni pamoja na madereva wengine, kwenye chumba kidogo alichotengewa kwa sababu ni mwanamke. Alipostaafu, hoteli ilikuwa inaliondoa kazini lile basi lake la zamani, naye akaomba apewe kama sehemu ya kiinua mgongo. Wakampa.

"Nimewaonyesha nchi hii watu wa kila upande wa dunia," aliniambia siku ile, tukiwa tumekaa ndani ya basi tupu lenye harufu ya mafuta na mchanga wa pwani. "Ninyi rafiki zangu hamjafika hata Voi. Wallahi, hili jambo laniudhi. Nataka tulifanye gari hili nyumba, twende wote wanne mpaka Lodwar."

"Kwa nini Lodwar?"

"Kwa sababu hata mimi sijafika."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Wenzetu wawili walipofika dukani kwangu wiki hiyo, shoga yangu hakuwahubiria wala kuwabembeleza. Alichukua futi yangu, akapima basi ndani kwa urefu na upana, kisha akachukua chaki yangu ya kuchorea nguo na kulichora basi lote sakafuni barazani: hapa mlango, hapa jiko la gesi, hapa vitanda viwili chini na viwili juu. Halafu akatuamrisha tulale.

"Hapa? Barazani?" muuguzi aliuliza.

"Kama hamwezi kulala hapa mkaenea, na ndani ya gari hamtaenea."

Tukalala, wanawake wenye wajukuu, katikati ya mistari ya chaki, wakati wanaume wanatoka msikitini baada ya swala ya alasiri. Mmoja alisimama akauliza kama kuna msiba. Mwenzetu wa Kinango akamjibu akiwa chali, "Hakuna msiba, baba. Tumo safarini." Kisha akanigeukia na kusema miguu yangu iko juu ya jiko, na kwamba yeye hali chakula kilichopikwa chini ya nyayo za mtu. Tulicheka mpaka tukashindwa kuinuka. Lakini mwenye gari hakuwa akicheka tu. Alikuwa akitutazama mmoja mmoja, nani anaumwa mgongo anapogeuka, nani anahitaji kushika kitu ili ainuke, na mara kwa mara alipangusa mstari kwa kiganja na kuuchora upya.

Alikuwa hivyo kwa kila jambo. Tulipoanza kubishana juu ya siku za ibada, sisi watatu tukiwa Waislamu na mwenzetu akiwa mtu wa kanisa, alikata maneno mara moja: Ijumaa tutasimama mji wenye msikiti, Jumapili mji wenye kanisa, na siku zilizobaki penye kivuli. Juu ya chakula alisema atakayeshika mwiko ndiye atakayeamua kama ni wali au ni sima, na asiyependa aoshe vyombo. Hakupandisha sauti hata mara moja.

Gari lilipelekwa kwa fundi mmoja kijana, mtu wa bara, gereji yake ipo nyuma ya barabara kuu. Alikuwa na mikono ya dhahabu na Kiswahili chake mwenyewe. "Mathe, hapa tunaziba hii dirisha, tunaeka kabati kubwa," alimwambia. "Itatoka poa."

"Mwanangu," shoga yangu akamjibu, "kabati utaliweka popote. Dirisha likizibwa, huyo atakayelala hapa nitamwonyesha nini?"

Fundi akaliacha dirisha.

Vitanda vilikuwa vimeshaanza kuchomelewa pale muuguzi alipojitoa. Alituma sauti kwenye kikundi chetu cha simu, sauti ya upole, ya mtu aliyekwisha kulia kabla ya kuongea. Mamake, aliyekuwa akikaa naye Msambweni, alikuwa mzee sana na magoti yake hayakumbeba tena. Binamu aliyeahidi kumtunza kwa muda wa safari alikuwa amepata kazi Mombasa. "Nendeni, shoga zangu," alisema. "Mimi nitawafuata kwenye simu. Nitumieni picha tu."

Mimi na mwenzetu wa Kinango tulimjibu maneno ya kumpoza moyo, kwamba Mungu yupo, kwamba itapatikana siku nyingine. Kesho yake asubuhi mwenye gari alikuja dukani akaniambia, "Funga duka. Twaenda Msambweni."

Tulimkuta mama barazani juu ya kitanda cha kamba, redio ndogo ikinguruma sikioni mwake. Alikuwa mwembamba kama ufito, lakini sauti yake ungeisikia ukiwa barabarani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Huyo ndiye mwenye basi?"

"Ndiye mimi, mama." Shoga yangu akavua viatu, akaketi kwenye mkeka karibu na kichwa cha kitanda. Aliuliza hali, akauliza usingizi, akauliza magoti. Kisha, bila ya kuzunguka, akasema, "Mama, twapanga safari ndefu ya gari. Nimekuja kukuuliza. Wataka kwenda nasi?"

Muuguzi alikuwa anatoka jikoni na sinia ya chai. Alisimama mlangoni. "Mama hawezi," alisema haraka. "Hayo magoti, na dawa zake, na choo… Hawezi."

"Najua, shoga. Hayo tutayazungumza mimi na wewe. Lakini sasa namuuliza mama."

Yule mama alinyoosha mkono akapunguza sauti ya redio. "Mwaenda wapi?"

"Voi. Halafu Emali, Nakuru, Kitale. Mwisho Lodwar."

"Lodwar!" Macho yakamwamka. "Kila siku naisikia humu. Lodwar kuna ukame, Lodwar kuna mafuriko, Lodwar mkubwa fulani amehutubia watu. Nayajua majina ya miji yote ya nchi hii, na sijui hata mmoja una sura gani. Huko kuna joto?"

"Kushinda hapa."

"Afadhali. Nakuru ndiko nitakakokufa kwa baridi." Akanigeukia mimi. "Wewe ndiye mshonaji. Nitahitaji sweta."

"Mimi sishoni sweta, mama."

"Basi mtafute anayezifuma."

Muuguzi alikuwa bado amesimama na sinia. "Mama," alisema, "mbona hukuniambia kama wataka kutoka?"

"Hukuniuliza, mwanangu. Waniuliza nimekula, nimekunywa dawa, nimelala vipi. Nashukuru, Mungu akulipe. Lakini hilo hukuniuliza."

Muuguzi aliiweka sinia chini, akaja akakaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mamake mguu. Chai tuliimimina wenyewe.

Njiani tukirudi nilimuuliza shoga yangu amepata wapi fikra ile, maana sisi wote tulimpenda yule mama na hakuna hata mmoja aliyewaza kumuuliza. Alingoja mpaka tukapita mabonde ya mpunga.

"Kwenye kazi yangu," alisema, "mara nyingi familia ilikuja na mzee wao. Asubuhi ya safari wangesema, huyu abaki hotelini apumzike. Basi likiondoka, mimi nilikuwa namwona kwenye kioo cha pembeni. Amekaa pale mapokezi, anatutazama mpaka tunatoka getini. Hakuna hata mmoja niliyemwona anapumzika."

Kuanzia siku ile mpango wote ulipinduliwa, na hapo ndipo nilipomwona mtu huyu vizuri, ingawa nimemjua maisha yangu yote. Muuguzi alimpeleka mamake kwa daktari, akarudi na ruhusa na masharti, naye alikuwa mkali juu ya masharti hayo kama alivyokuwa mkali wodini. Mwenzetu wa Kinango alisema atalala juu, hata kama itabidi apandishwe kwa kamba. Kitanda cha chini chenye dirisha kikawa cha mama, na kwa kuwa sasa tulikuwa watano, mimi nikakubali godoro la sakafuni. Fundi akachomelea vishikio vya chuma, akatengeneza ngazi pana ya kushukia, na choo kidogo chenye kiti ambacho mtu angeweza kukifikia kwa kujishika.

Lakini mwenye gari hakuridhika. Siku moja alimpa fundi funguo, akapanda nyuma, akajilaza kwenye kitanda cha mama. Mimi nilikaa sakafuni. "Twende njia ya Kinondo," alimwambia fundi. "Ile yenye mashimo."

Tulikwenda. Kila shimo, vyombo vilipiga kelele kabatini na mimi nikapaa kidogo.

"Ongeza mwendo!"

"Mathe, utaumia!"

"Hicho ndicho ninachotaka kujua, kama nitaumia!"

Kwenye shimo lililofuata alirushwa, akagonga paji la uso kwenye pembe ya kabati. Fundi alisimamisha gari akaja mbio. Alimkuta ameketi, nundu inaanza kutokea juu ya jicho, anaangaza macho toka kitandani hadi sakafuni, palipo tairi la nyuma.

"Kitanda kiko juu ya tairi," alisema. "Kila shimo linamfikia yeye kwanza. Kivute mbele, kikae katikati."

Maana yake ilikuwa kufungua karibu kazi yote ya wiki ile. Nilimtazama fundi nikitarajia alalamike. Alijikuna kichwa, akatikisa kichwa, akaniambia kwa sauti ya chini, "Huyu mathe ni noma." Wiki iliyofuata alifungua kila kitu na kukifunga upya, naye mwenye nundu akaja tena kulala kitandani na kurushwa kwenye njia ile ile. Safari hiyo alirudi akiwa amesinzia.

Tulifanya majaribio na mama mwenyewe, mwendo mfupi wa asubuhi kwenda Kwale. Tulimpandisha kwenye kiti, tukamlaza, tukampangia mito. Pale Kombani tulisimama kununua machungwa, na wachuuzi wakachungulia dirishani wakamwamkia. Aliitikia shikamoo zao zote kama bibi harusi. Kwenye mlima wa kupanda Kwale alisema ataka kujisaidia, na ndipo tulipojaribu choo chetu: muuguzi akamshika kwapani, mwenzetu wa Kinango akanyoosha leso ikawa pazia, gari likasimama taratibu pembeni. Ilichukua muda na ilikuwa na vicheko, lakini iliwezekana. Kurudi chini, mama alilala usingizi wa kweli. Nilipotazama mbele nikaona mgongo wa dereva wote umelowa jasho. Hakuwa ametikisika hata mara moja, na kumbe muda wote alikuwa na hofu kama mimi.

Asubuhi ya kuondoka jirani zake mama walijaa uani Msambweni. Mzee mmoja wa msikiti wa jirani alitusomea dua, tukaitikia amina. Kisha mwenzetu wa Kinango akafumba macho, akaomba kwa namna yake, na wote tukasimama kimya mpaka akamaliza, tukasema amina tena. Mama alikwisha kuwekwa kitandani mwake, sweta mabegani ingawa jua lilikuwa linaanza kuchoma, akitaka kujua twangoja nini.

Dereva wetu alizunguka gari lote, akagonga kila tairi kwa kisigino. Halafu akaja kusimama mlangoni mwa basi, mgongo wima, mkono wa kulia umenyooshwa. Nilimwona muuguzi akisita, hajui afanye nini.

"Karibu, mgeni wangu," shoga yangu akamwambia, akamshika kiwiko na kumpandisha. Akafanya hivyo kwa mwenzetu wa Kinango, aliyepanda akijidai kabisa. Zamu yangu ilipofika nilitaka kusema kitu, nimwambie ninavyomwona. Aliona.

"Panda, mwanamke," alisema. "Njia ni ndefu."

Lodwar tulifika, na tulirudi sote wazima, mama akiwa amenenepa. Nimehadithia mara nyingi tuliyoyaona huko. Lakini nikiwa peke yangu kwenye cherehani, ninachokiona zaidi ni yeye pale mlangoni, mkono umenyooshwa, akihesabu kwa macho kwamba sote tumeingia, kabla ya kuzunguka mbele na kupanda kwenye kiti chake.