Sifuri ya Mama Mchuma Chai

Jumanne, nje ya banda la kupimia majani chai huku Kericho, kijana mwenye tableti alikuwa akipima akili za wachumaji. Watakaofaulu watafundishwa mashine ya kuchuma. Wengine watarudi nyumbani.

Akamwuliza mama aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni, “Mama, mvua ya radi ikikupata shambani, utajikinga wapi?”

“Nitachutama hapo hapo kwa chai. Mti unaita radi.”

“Hapana. Hapa imeandikwa chini ya mti. Sifuri.”

Aliyeandika jibu hilo amewahi kunyeshewa kweli?

Ghafla ngurumo ikapiga, mvua ikaanza. Kijana akakumbatia tableti, akatimka kuelekea chini ya mti wa mkaratusi. Mama akamshika shati, akamvuta hadi bandani.

“Kaa hapa, kijana wangu.”

Nikangoja kijana aifute ile sifuri. Alifuta matone kwenye tableti, akaita, “Anayefuata!”