Majivu kwenye Diski ya Baba

Saa tisa na robo alasiri sauti ya marehemu baba, iliyorekodiwa kwenye diski, ilikwama kwenye kompyuta ya baba mdogo, kijijini Nyarero. Bibi alikuwa ametoka Itiryo kuja kumsikia mwanawe. Mimi, mtoto wakati huo, nilidhani diski huchafuka kama sufuria, nikaisugua kwa majivu mpaka ikanuka moshi.

“Wewe, hii unapikia ugali?” baba mdogo aliniuliza.

“Mwache. Mimi ndiye niliyemfundisha kusugua,” Bibi alisema. Nilishindwa kumtazama.

Juzi binti yangu alifuta diski iliyokwama kwa kitambaa laini tu, ikaendelea. Lakini siku ile, ya baba ilikuwa imekwanguka yote kwa majivu yangu. Bibi aliuza mbuzi tununue deki mpya ya kuchezea diski, huenda ingeisoma. Haikusoma kitu, na shilingi elfu arobaini zake zikapotea.